Mpiga Baruti na Nusu Saa Yake



Asafiriye kwa reli ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako huingia gizani mara kwa mara. Mahandaki hayo yalipasuliwa katika mwamba kwa baruti, reli ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Abiria huwasifu wahandisi. Mpiga baruti hatajwi, na akitajwa husifiwa kwa ushujaa, sifa ambayo hata haihitaji.

Kazi yake ni hesabu. Zamani wachimbaji wa Cornwall, Uingereza, waliwasha baruti kwa mabua yaliyojazwa unga wake. Bua moja liliungua upesi, jingine likachelewa, na watu wakafa. Mwaka 1831 William Bickford alivumbua utambi unaoungua kwa mwendo unaojulikana, takriban nusu dakika kwa kila futi. Tangu hapo mtu aliweza kujua ana muda gani wa kuondoka.

Mashimo ya utambi hulipuka moja baada ya jingine, na mpiga baruti husikiliza. Akiwa amewasha 12 na kusikia vishindo 11, hapana budi watu wangoje, kwa kawaida si chini ya nusu saa, kabla yeye mwenyewe hajakwenda kutazama. Hata hesabu ikitimia, bado upo moshi. Ndani yake mna kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humwangusha mtu kabla hajashtuka. Wala haifai kutoboa tena katika kitako cha shimo la jana, maana huenda baruti imesalia humo.

Ugomvi wote uko katika kungoja huko. Msimamizi anahesabu tani. Mwenye mgodi anahesabu dizeli. Mchimbaji mdogo anayelipwa kwa mgawo wa mawe, kama wengi wa Mererani, hapati hata senti kwa kukaa nje. Je, ni ajabu akirudi shimoni moshi ungali umetanda?

Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 iliweka utaratibu wa vibali. Hilo ni jema, lakini kibali cha kulipua bila uwezo wa kukataza ni nusu ya kibali. Mkataba wa kazi utamke wazi kwamba mpiga baruti akisema “bado”, hakuna msimamizi wala mwenye mgodi awezaye kumtuma mtu ndani, na kwamba muda wa kungoja ni muda wa kazi, nao unalipwa.