Kaharabu au Sandarusi? Mdudu Aliyenaswa na Alikotoka

(Mazungumzo kwa vijana, Gakoromone, Meru)



Ndugu zangu, kaka na dada, mwezi huu tasbihi zinauzwa kwa wingi, na nyingine husifiwa kuwa ni kaharabu asili, "hata mdudu yumo ndani." Bei nayo inapanda kwa sababu ya huyo mdudu. Basi leo tumzungumze yeye.

Kwanza tutenganishe majina. Ambari hutoka kwa nyangumi, ikatiwa kwenye manukato. Kaharabu ni utomvu wa miti uliokaa ardhini mamilioni ya miaka mpaka ukawa mgumu. Ya Baltiki imepita miaka milioni 30. Ya Myanmar ni karibu milioni 99. Neno lenyewe limetoka kwa Waajemi likapitia Kiarabu, maana yake mnyakua majani makavu, kwani ukiisugua huvuta vitu vyepesi. Ndiyo maana Waarabu wa leo umeme wanauita kahrabaa. Lakini muuzaji akikusugulia shanga ikavuta karatasi, asikubabaishe: plastiki nayo huvuta!

Sasa sisi Afrika Mashariki tuna nini? Tuna sandarusi, utomvu wa mti wa msandarusi unaoota pwani ya Kenya na Tanzania, na Madagaska pia. Karne ya 19 ilikuwa biashara kubwa ya Unguja. Wachimbaji wa Mrima walifukua mchanga hata mahali ambapo miti ilikuwa imekwisha toweka. Iliyozikwa muda mrefu ilijulikana kwa vipele vyake, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mbichi iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Seyyid Said aliwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833, na sandarusi ikawa inakwenda hadi Salem, Massachusetts, kwa ajili ya vanishi. Wadudu wangapi waliyeyushwa wakapakwa kwenye viti vya watu, Mungu ndiye ajuaye.

Sandarusi ni changa. Vipande vingine vilivyopimwa vimeonekana vina miaka mia chache tu. Kwa hiyo kumwuzia mtu sandarusi kwa jina la kaharabu ni kumpunja, hata kama mdudu ni wa kweli.

Je, haina maana? Hapana jamani! Mdudu wa sandarusi anatuonyesha msitu wa pwani ulivyokuwa kabla haujafyekwa. Chukueni nyuki wadogo wasiouma, ambao warina asali wetu wanawajua. Wao huufuata utomvu makusudi wakajengee kiota, ndipo wengine hunasa. Wamo pia sisimizi, mchwa, nzi na buibui.

Ukitaka kukagua, tia spiriti au dawa ya kutolea rangi ya kucha kwenye pamba, uguse pembeni. Sandarusi hunata, kaharabu kwa kawaida hainati. Kwenye maji yenye chumvi nyingi zote mbili huelea, kioo huzama. Mdudu mkubwa aliyekaa katikati, mbawa zimenyooshwa vizuri kama anapigwa picha, mtilie shaka. Wa kweli mara nyingi anaonekana alihangaika. (Na tasbihi ya babu msiitie spiriti bila idhini yake.)

Anayetaka kukusanya, kila kipande akiandikie karatasi: kilitoka kijiji gani, kina gani, lini, nani alikifukua. Bila hayo ni pambo tu. Tena uliza kimepitia mikono ya nani. Mwaka 2017 jeshi la Myanmar liliteka machimbo ya Kachin, na mwaka 2020 jumuiya ya wataalamu wa visukuku ikaomba majarida yasitishe kuchapisha utafiti wa kaharabu iliyotoka huko tangu wakati huo.

Hapa Kenya ipo sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Visukuku havichimbwi wala kupelekwa nje bila kibali. Makumbusho ya Meru yako hapa hapa mjini; mwenye kipande na aanze kwa kuuliza pale.

Wabillahi tawfiq.