Tusiue Gari la Kikundi kwa Maji ya Mto

(Mazungumzo na viongozi na madereva wa vikundi vya kujisaidia)



Leo sitasema juu ya kuku wala mikopo. Nataka tuzungumze juu ya gari kuukuu la kikundi, lile ambalo sisi sote tulilichangia.

Kikundi chetu kilikuwa na pikapu. Siku moja ilichemka ikipanda mlima, imejaa kabichi za soko. Kabichi zikaharibika njiani, na gasketi ya hedi ikaungua. Sisi tukamlaumu dereva. Lakini fundi alipofungua rejeta, alikuta tope jekundu. Miaka mitatu tulikuwa tunajaza maji ya mto! Dereva alikuwa ameomba kulanti mara mbili, nasi kamati tukasema hakuna pesa. Basi kosa lilikuwa letu.

Kulanti ni nini? Ni dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Inazuia kutu ndani ya injini, tena inafanya maji yasichemke upesi. Mnajua, pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi ni kama 94 tu, na kule juu Timboroa ni chini ya hapo. Kwa hivyo sisi wa milimani tunaihitaji zaidi. Lakini dawa hii huzeeka. Ile ya kijani ya magari ya zamani ibadilishwe kila miaka miwili.

Sasa sikilizeni jinsi ya kuibadilisha:

1. Injini iwe baridi kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yataruka na kukuchoma uso.

2. Weka karai chini ya rejeta. Fungua kifuniko cha juu, kisha kizibo cha chini. Kama gari lina hita, iweke upande wa moto. Acha maji yote yatoke.

3. Funga kizibo, jaza maji safi, washa injini mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe moto. Hapo themostati imefunguka na maji yanazunguka. Zima, ngoja ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Usitie maji baridi kwenye injini ya moto, maana hedi inaweza kupasuka.

4. Angalia mipira, mkanda wa feni na kifuniko. Mpira uliopasuka au kulainika ubadilishwe sasa.

5. Soma kitabu cha gari ujue rejeta na injini huchukua lita ngapi. Ikiwa ni lita 8, tia kwanza lita 4 za kulanti isiyochanganywa, halafu jazia maji. Ukichanganya nje, maji yaliyobaki ndani ya injini yataipunguza nguvu. Kama mkebe unasema imekwisha changanywa, mwaga kwanza maji yote uwezavyo, kisha itie hivyo hivyo. Msichanganye kulanti za aina mbili.

6. Washa injini kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Jazia, funga. Kesho yake, injini ikiwa baridi, angalia tena.

Maji gani? Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi na chokaa. Afadhali maji safi ya mvua, au yale yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa betri. Lakini angalieni sana, msinunue asidi!

Na mkiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, msijisumbue kusafisha rejeta. Maji yameingia kwenye oili. Msiliendeshe gari hilo, mwiteni fundi.

Sasa akina mama na baba, jambo hili ni kubwa kuliko gari. Kulanti ni sumu, na tena ni tamu. Mbwa huilamba, ndama huinywa, na mtoto akiionja anaweza kufa, maana huharibu figo. Msiache karai hilo uani hata dakika moja. Msimwage mtaroni wala karibu na kisima. Itieni kwenye mtungi wenye kifuniko, mwandike SUMU, mwulize gereji ya mjini inayopokea oili chafu kama itaichukua. Kamwe msiiweke kwenye chupa ya soda. Mtu akiinywa, mkimbizeni hospitali mara moja pamoja na mkebe wake, hata kama anaonekana mzima.

Basi nawaomba jambo moja. Katika kitabu cha kikundi tunaandika petroli na mafundi. Tuongeze mstari mmoja: KULANTI, tarehe ya kubadilisha, na kilomita. Mweka hazina atenge pesa kidogo kila mwezi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na sisi tulijenga ukuta ule kwa pesa za karo za watoto wetu.

Na dereva akisema gari linaomba dawa, tumsikilize. Yeye ndiye anayelala nalo njiani.