Kalamu na Nira: Jinsi ya Kuendesha Umoja wa Wakulima Walimao kwa Wanyama

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja, mwanachama, katika mkutano wa Chama chetu. Imepigwa chapa hapa kwa faida ya wale wasioweza kuhudhuria.)



Nimeombwa kunena juu ya jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana liko mbali na meza zetu na majalada yetu, nalo ni namna ya kuendesha umoja wa hiari wa wakulima watumiao wanyama wa kazi, yaani maksai na punda. Lakini wengi wetu tuliomo humu tulilipiwa karo kwa pamba na mahindi yaliyolimwa kwa plau. Basi jambo hili si geni kwetu. Tumelisahau tu kwa kuzoea kiti.

Umoja wa namna hii siku hizi huitwa mtandao. Hauna mshahara, hauna amri, wala hauna mamlaka ya kumwita mtu barazani. Mkulima mmoja ajua kufundisha maksai, mwingine ajua kuchonga nira isiyojeruhi, wa tatu ana fundi wa kunoa na kunyosha plau. Na kila mmoja yuko kijijini kwake hajui habari za mwenzake. Kazi ya umoja ni kuwajulisha hao. Zaidi ya hayo hauna kazi nyingine, na hiyo moja yatosha.

Tusidhani kwamba jambo hili halijapata kujaribiwa. Katika Afrika Magharibi watu wa kazi hii walikutana Freetown mwaka 1986, na tena Saly, katika Senegal, mwaka 1988. Upande wetu, mwaka 1990 ulianzishwa umoja wa nchi za Afrika Mashariki na Kusini ujulikanao kwa herufi ATNESA. Mkutano mkubwa ulifanyika Lusaka mwaka 1992, mwingine hapa Tanzania, mjini Tanga, mwezi wa Novemba 1993, mwingine Ngong katika Kenya mwaka 1995, mwingine Debre Zeit katika Ethiopia mwaka 1997, na mwingine Jinja katika Uganda mwaka 2002. Nchi moja moja nazo zikawa na umoja wao, kama KENDAT wa Kenya na SANAT wa Afrika Kusini.

Nitataja mambo mawili tu yaliyozungumzwa katika mikutano ile, ili mwone faida ya watu kupashana habari.

La kwanza ni palizi. Mkutano wa Tanga ulihusu palizi kwa nguvu ya wanyama. Kwa nini? Kwa sababu plau huongeza ekari, lakini haiongezi mikono. Mume hulima kwa ng'ombe mara mbili au tatu ya shamba la zamani, akarudi nyumbani akijisifu. Kisha magugu huota, na mke na watoto huingia shambani na majembe ya mkono kupalilia zile ekari zote. Hivyo chombo kilichokuja kupunguza taabu chaweza kuihamisha tu kutoka mgongo mmoja hadi mgongo mwingine. Dawa yake ni jembe la palizi likokotwalo na ng'ombe au punda, na mbegu zipandwe kwa mistari iliyonyoka, ili mnyama apate kupita katikati bila kukanyaga mmea. Jambo hili halionekani na mtu auzaye plau. Huonekana pale mwanamke apewapo nafasi ya kusema mkutanoni, na pale aliyekwisha kulijaribu anapomwonyesha asiyelijaribu.

La pili ni punda. Ng'ombe wetu wa nundu huvuta kwa nira iliyolala shingoni mbele ya nundu, na mwili wake wafaa kwa hiyo. Punda hana nundu. Nira ya ng'ombe akifungwa humkata ngozi na kumnyima nguvu, na mwenyewe humwita mvivu. Kinachomfaa ni mkanda mpana, laini, upitao kifuani, au kola iliyotengenezwa kwa mabega yake. Mkanda huo waweza kushonwa kijijini kwa vitu vya kawaida. Ni punda wangapi wamepigwa kwa uvivu usio wao, kwa sababu jirani mwenye kujua hakukutana na jirani asiyejua!

Sasa nataka niseme habari iliyo nzito zaidi, ionyeshayo hasara ya kutokuwa na umoja. Katika miaka hii ya karibuni kulizuka biashara ya ngozi za punda, ambazo huchemshwa ili kupata dawa itumiwayo Uchina iitwayo ejiao. Katika Kenya machinjio yalifunguliwa, na wizi wa punda ukaenea. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha punda wapatao milioni 1.8 katika nchi ile. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha wapatao milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, na mwaka 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Mwezi wa Desemba 2022 watu wa nchi nyingi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya punda, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa, waliafiki kuusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15.

Fikirini, Mabwana. Mama achotaye maji kwa punda aliamka asubuhi akakuta kamba imekatwa. Tangu siku hiyo akabeba madumu mgongoni mwake. Habari yake ilipaswa kusafiri njia ndefu mpaka Addis Ababa. Palipokuwa na vyama vya wenye punda, vyenye orodha na wasemaji, malalamiko yalipata mdomo. Pasipokuwa na vyama, mtu alilia peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Wapo watakaosema, trekta limekuja, maksai wa nini tena? Nami sipingi trekta. Lakini mwenye ekari tatu hawezi kulinunua, na akitaka kulikodi hungoja zamu yake huku mvua ikipita. Maksai wako zizini siku ile ile ardhi inapolainika. Hawahitaji mafuta ya kununua, samadi yao hurudi shambani, na wakizeeka huuzwa kwa nyama. Trekta na afanye kazi yake, na maksai nao wafanye yao.

Nije sasa kwenye kiini cha maneno yangu. Wakulima wana ujuzi, wana wanyama, na wana nia. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kuandika. Na sisi, je, tuna nini zaidi ya kuandika? Basi naona twaweza kuwasaidia. Lakini kuna hatari moja ambayo sharti niitaje waziwazi.

Mkulima amwonapo karani na daftari, hukumbuka kodi. Ukimwuliza, "Una ng'ombe wangapi?" atakujibu kwa adabu, na hesabu atakayokupa haitakuwa ile iliyomo zizini. Simlaumu, amejifunza kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtumishi atakaye kusaidia umoja huu hana budi kuuacha utumishi wake mlangoni, kama mtu avuavyo viatu. Orodha ya wanachama ni mali ya wakulima. Ikae kwao, kwa katibu waliyemchagua wenyewe, wala isiingie katika ofisi yoyote ya Serikali hata kwa siku moja. Tena isiulize idadi ya mifugo kamwe. Iandike mambo manne tu: jina, kijiji, jambo ambalo mtu aweza kumfundisha mwenzake, na jambo analotaka kufundishwa. Siku mkulima atakaposikia kwamba orodha ile ilionekana mezani kwa mkubwa fulani, umoja utakuwa umekufa, na wala hapana barua itakayoufufua.

Baada ya orodha, nataja kanuni chache za kuendesha kazi.

Kwanza, kila swali lijibiwe. Mkulima akiuliza kwa barua, kwa simu au kwa mdomo, aandikiwe siku aliyouliza, na asipite siku 14 bila jibu. Hata kama jibu ni, "Bado tunamtafuta ajuaye," aambiwe hivyo. Watu wa hiari hawaondoki kwa sababu ya umaskini wa umoja. Huondoka kwa sababu waliuliza wakanyamaziwa.

Pili, mikutano ifuate majira ya shamba. Wakati wa kulima, mtu asiitwe popote. Baada ya mavuno ndipo maksai wachanga wafundishwe, na karibu na mvua ndipo nira, minyororo na plau zikaguliwe. Tena mkutano ufanyike shambani kwa mwanachama. Mwenye kujua afunge wanyama wake, wenzake watazame, kisha nao washike mpini. Mkumbuke pia kwamba mvua za kwanza huwakuta ng'ombe wamekonda kwa kiangazi. Mkulima aliyemwekea maksai wake mabua na majani makavu ndiye alimaye mapema. Hilo nalo ni somo la kutolewa miezi mingi kabla ya kulima.

Tatu, fedha ziwe kidogo na ziwe wazi. Ada iwe ndogo kiasi cha kwamba mjane aweza kuitoa. Kila mtoaji apewe stakabadhi, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti katika kila mkutano, na sanduku lisikopeshe mtu yeyote, hata mwenyekiti. Msaada wa wafadhili ukija, upokelewe kwa shukrani na utumiwe kwa kazi yenye mwisho, kama kupiga chapa kitabu au kulipa nauli za mkutano mmoja. Usitumiwe kuuweka hai umoja wenyewe, maana kilichowekwa hai na mfadhili hulala siku mfadhili aondokapo.

Nne, kazi igawanywe. Desturi mbaya ya vyama vyetu ni kumpata mtu mmoja mwenye bidii na kumtwika kila kitu mpaka aanguke. Mwenye maksai hafanyi hivyo. Huwafanyisha kazi asubuhi, jua likipanda huwafungua, akawapa maji na malisho. Hata Sheria ya Musa ilimkumbuka ng'ombe apuraye nafaka, kwamba naye apate chakula katika kazi yake. Tena mkulima amfundishapo ndama mkubwa humfunga pamoja na maksai mzee aliyezoea, ili ajifunze kwa kutembea naye. Basi kila katibu na awe na msaidizi kijana tangu siku ya kwanza, na baada ya miaka miwili amwachie kalamu.

Tano, yote yaandikwe. Simu imerahisisha mengi, na vikundi vya simu huchangamka sana. Lakini neno lililosemwa leo kesho limefunikwa na salamu mia. Wakiwa wamepata dawa ya jeraha la nira, au kipimo cha mkanda wa punda, na kiandikwe katika karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na picha iliyochorwa, kirudufiwe na kupelekwa vijijini. Mikutano ile ya Lusaka na Tanga imepita, na wengi waliohudhuria wamekwisha staafu; lakini yaliyopigwa chapa katika vitabu vyake yangali yanasomeka. Hilo lapaswa kutufundisha sisi watu wa kalamu thamani ya kazi yetu.

Bwana Rais, naomba kumaliza kwa shauri moja. Wanachama wetu wengi hurudi makwao wakati wa likizo. Sishauri Chama chetu kianzishe umoja wa wakulima, maana umoja ulioanzishwa na makarani utakuwa wa makarani. Nashauri hivi: kila mwanachama aendaye kwao aulize kama wapo wakulima walimao kwa wanyama watakao kukutana. Wakiwapo, na wakimtaka, awape jioni mbili katika likizo yake: ya kwanza kuwasaidia kufungua daftari, ya pili kumfundisha katibu wao namna ya kuandika kumbukumbu za mkutano na kutunza hesabu. Kisha aondoke, akiliacha daftari mikononi mwao.

Ni kazi ndogo, haina cheo, wala haitaandikwa katika ripoti ya mtu. Lakini huenda siku moja, punda wa mama fulani akiibwa, au jembe jipya la palizi likisifiwa mahali fulani, pakawapo jina na anwani ya mtu wa kuulizwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Maneno yangu yamekwisha. Sasa nangoja maswali yenu, na zaidi nangoja majina ya watakaojitolea.