Karatasi za mheshimiwa ziko wapi?



Wewe wa Marafa umesikia kwa wazee kwamba mwaka 1914 Wagiriama waliamriwa wahame upande huu wa kaskazini wa mto Sabaki. Sasa ukitakiwa ushahidi wa maandishi utaupata kwa nani? Kwa yule yule aliyekuhamisha. Faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000 waliodaiwa, yote yameandikwa na maafisa wa kikoloni, kwa kalamu yao na kwa jicho lao.

Mwaka 1957 Ronald Ngala akaingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, akiwakilisha Pwani. Kuanzia hapo Mgiriama akawa na mjumbe aliyemchagua, wa kumwandikia. Alichosema ndani ya Baraza kiko kwenye Hansard. Lakini barua anazoandikiwa mbunge je? Malalamiko ya shamba, notisi za kufukuzwa, hotuba iliyokatwakatwa kwa wino kabla ya kusomwa? Hizo si za Bunge. Ni zake mwenyewe, na akifa zinabaki kwa wajane na watoto, sandukuni chini ya kitanda. Na mchwa, wallahi, hajui mheshimiwa ni nani.

Marekani seneta akistaafu, mara nyingi chuo kikuu cha kwao ndicho kinachopokea karatasi zake. Za Bob Dole ziko Chuo Kikuu cha Kansas. Hata sisi mfano tunao: mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, uko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Ila nauli ya Marafa hadi Nairobi mnaijua. Tena hebu cheka kidogo: mafaili ya wilaya zetu yalipigwa picha za filamu miaka ya 60, nakala zikapelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Mwanafunzi wa huko anayafikia kwa miguu!

Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi. Tunachokiomba ni chumba kikavu, mtu aliyesomea kazi hiyo, na orodha ambayo mwananchi yeyote ataisoma. Wabunge wetu wa zamani na familia zao wapeleke karatasi. Barua ya siri ifungiwe miaka 30, si neno. Na wewe, kama uliwahi kumwandikia mbunge kuhusu shamba lako na nakala unayo, itie kwenye bahasha, andika tarehe juu, uiweke mbali na paa linalovuja.