Gamba la Nyoka: Kilichovuliwa na Kilichobaki

Leo tunaitazama sifa moja ya nyoka, na jinsi Euphrase Kezilahabi alivyoibebesha riwaya nzima.

Nyoka akitajwa, wengi wetu hukimbilia sumu na hila. Mnafiki tunamwita nyoka, na mtoto wa nyoka ni nyoka; basi, yameisha. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa *Gamba la Nyoka* mwaka 1979, aliyaacha meno akalishika gamba.

Tumtazame mnyama mwenyewe. Siku za kujivua zikikaribia, macho yake huingia ukungu, haoni vizuri, hujificha. Kisha husugua midomo kwenye jiwe au mzizi mpaka ngozi ichanike, akajichomoa humo taratibu, nayo ikigeuka ndani nje kama soksi. Hata utando wa macho hubaki kwenye gamba. Anayeondoka hapo anang'aa, lakini ni yule yule, mwenye meno yale yale.

Ipeleke picha hiyo kwenye riwaya. Azimio la Arusha, lililoiweka Tanzania kwenye njia ya ujamaa, lilitangazwa mwaka 1967. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wengi wao kwa nguvu. Ndio wakati anaousimulia Kezilahabi. Wanakijiji wanakataa kuhama, dola inakuja na mabavu, na vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanajikuta katikati ya mageuzi hayo. Jina la kitabu halimwachi msomaji apumzike: kilichobadilika ni mwili au ngozi? Makazi ni mapya, kaulimbiu ni mpya. Je, ubinafsi na ubabe wa mwenye cheo umekwenda wapi?

Lakini tusimsome Kezilahabi kama mtu anayebeza mabadiliko. Nyoka hujivua kwa sababu anakua. Gamba likimng'ang'ania, humdhuru. Jamii inayokumbatia ukale nayo inajibana. Hapo ndipo ninapouona ukomavu wa taswira hii: inamhoji mtawala anayejisifu kwa ngozi mpya, na inamhoji pia mwananchi asiyetaka kuivua ya zamani.

Uzito wake haujapungua. Mwaka 2011 chama tawala cha Tanzania, CCM, kilipotangaza kujivua gamba, yaani kujisafisha, Watanzania hawakuhitaji kufafanuliwa. Wakosoaji walijibu kwa picha ile ile: gamba likitoka, nyoka hubaki.

Msikilizaji, riwaya hii isomwe tena, shuleni na majumbani, kwa kuwa inatufundisha kupima ahadi. Anayesema amebadilika asituoneshe gamba aliloliacha. Atuoneshe anavyomtendea mnyonge leo, ikilinganishwa na alivyomtendea jana. Kipimo hicho ndicho alichotuachia Kezilahabi, nacho kinamhusu kiongozi, kinamhusu jirani, kinatuhusu mimi na wewe.