Jicho Halitoshi: Hotuba juu ya Kufundisha Nanoteknolojia Shuleni



Nimeombwa niseme juu ya kuwafundisha nanoteknolojia wanafunzi wetu wa Kakonko. Nanometa 1 ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Mwanafunzi akiambiwa hayo tu, atayaandika daftarini, atayajibu katika mtihani, wala hatayaelewa. Na tuanze, basi, na chumvi ya Uvinza.

Chandogya Upanishad yasimulia kwamba Uddalaka alimwagiza mwanawe, Shvetaketu, atie chumvi majini usiku, na asubuhi aitafute. Hakuiona, alipoonja, aliikuta kila mahali. Somo lile lilihusu nafsi. Darasani nalo latufaa: maji yaweza kung'aa na bado yakabeba kitu. Jicho halitoshi.

Somo la pili ni la muhogo. Mchemraba wa muhogo wenye upande wa sentimeta 1 una eneo la uso la sentimeta za mraba 6. Ukikatwa vipande vya milimeta 1, eneo lafikia 60. Lau ungeweza kukatwa hadi nanometa 1, lingefikia meta za mraba 6,000, karibu sawa na uwanja wa mpira! Ndiyo maana chembe ndogo mno huweza kunasa uchafu mwingi.

Kwa maarifa hayo Mtanzania mwenzetu, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembe za namna hiyo. Mwaka 2015 lilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi. Chembe zake huchaguliwa kulingana na madhara ya maji ya mahali husika, kama vile floridi. Kwa hiyo kupima hutangulia kuchuja.

Hapo ndipo penye haja yetu. Binti anayechota maji kabla ya kwenda shule anastahili kujua kilichomo ndooni mwake. Siombi mitambo ya gharama kubwa. Naomba mizani, silinda za kupimia na vifaa vya kupimia maji, ili yeye mwenyewe apime, aandike, kisha aulize.