Aliyeshika Kamera

Leo ningependa tuketi pamoja kwa dakika chache tufungue sanduku la picha za zamani. Karibu kila nyumba inalo. Pengine ni bahasha iliyofichwa chini ya nguo kabatini. Kwetu sisi ni mkebe wa biskuti uliokwisha rangi, ambao mama aliuweka chini ya kitanda chake.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli huko Nakuru, wakati reli ilipokuwa bado moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Watu wa reli walikuwa wakipewa pasi ya kusafiri, na ndiyo sababu sisi, watoto wa mtu wa mshahara mdogo, tuliweza kuiona bahari. Mwezi wa Desemba mwaka 1972, nilipokuwa na umri wa miaka tisa, tulikwenda Mombasa kumtembelea shangazi aliyekuwa akikaa Likoni.

Siku hizi treni mpya, iliyoanza mwaka 2017, hutoka Nairobi na kufika Mombasa kwa muda wa saa tano au sita. Gari la moshi letu lilikesha njiani. Sisi watoto tuliapa kwamba hatutalala mpaka tuwaone simba wa Tsavo, lakini usingizi ulitushinda kabla hatujafika mbali. Tulipoamka tulikuta hewa imebadilika, ina joto na unyevu, na pande zote mbili ni minazi. Tukapita Mazeras, tukapita Changamwe, na pale Makupa tukaona maji kushoto na kulia. Ndugu yangu mkubwa akapiga kelele, "Bahari hiyo!" Abiria wote wakacheka.

Msikilizaji mpenzi, nikifumba macho hata leo nasikia harufu ya mahamri ya shangazi na mbaazi za nazi. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, tulitembea mbali mpaka kwenye miamba, tukitafuta kaa na viti vya pweza katika vidimbwi. Shangazi alitukanya kila siku: maji yakianza kujaa, rudini mbio, maana bahari haina huruma kwa mgeni. Tulijenga stesheni ya mchanga, yenye reli na mnara wa maji. Maji yakaja yakaichukua. Kesho yake tukajenga nyingine.

Baba alikuwa ameazima kamera kwa mwenzake wa kazini. Vijana wa leo huenda wasifahamu mambo ya wakati ule. Filamu ile ilikuwa na picha 12 tu. Hukuweza kupiga, ukatazama, ukafuta, ukapiga tena. Ulipiga mara moja, ukangoja mpaka filamu iishe, ukaipeleka studio ikasafishwe kwa dawa gizani, ukalipa, ndipo ukaona ulichopata. Basi baba alifikiri sana kabla ya kila picha. Alitupanga mchangani wakati wa alasiri, migongo yetu baharini, naye akasimama akilipa jua mgongo, kama wapiga picha walivyofundishwa. Tulichoka kusimama. Jua lilituingia machoni, nasi tulinung'unika kwamba baba hachezi nasi, kazi yake ni kutuamuru tusitikisike.

Siku ya mwisho ilibaki picha moja. Nilimsihi baba aniache niipige mimi. Aliniwekea kamera mikononi, akanionyesha pa kubonyeza, akaenda kusimama pale tulipokuwa tukisimama sisi. Nikabonyeza.

Tuliporudi Nakuru, baba alinichukua twende pamoja studio. Akazitazama picha moja moja. Alipofika ile ya mwisho alinyamaza. Nilichungulia chini ya mkono wake nikaiona: miguu ya baba, suruali yake, shati lake, na juu ya ukosi wa shati, hakuna kitu. Nilikuwa nimemkata kichwa. Baba hakusema neno. Aliitia picha ile mfukoni, akalipa, tukaenda zetu. Sikupewa kamera tena. Nami nikaandika moyoni mwangu: nimemkasirisha baba, nimemharibia pesa zake, hanipendi kama anavyompenda ndugu yangu.

Ndugu zangu, neno dogo kama hilo laweza kukaa moyoni mwa mtoto kama mwiba uliovunjikia ndani. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Kila aliponyamaza, mimi nilikumbuka ule unyamavu wa studio. Nilikua, nikaoa, nikapata watoto, na bado nilimtembelea baba kama mtu anayekwenda ofisini: salamu, habari za ng'ombe, kwaheri.

Baba alifariki mwaka 1998. Tulipokuwa tukijitayarisha kwa mazishi tulitafuta picha yake, tukapata ile ya kitambulisho tu. Mama akautoa mkebe. Tukamimina picha kitandani. Zilikuwamo picha 11 za Likoni: mama na shangazi, ndugu yangu ameshika kaa, mimi nimekunja uso kwa sababu ya jua. Baba hakuwamo hata katika moja. Nami, kwa uchungu niliokuwa nao, nikasema, "Unaona, mama? Hata hapa hayupo."

Mama alinitazama kwa muda. Kisha akaniambia, "Baba, na hizo zote alizipiga nani?"

Sikuwa na jibu. Mama akaweka kidole juu ya picha moja, pale chini mchangani. Palikuwa na kivuli cha mtu aliyevaa kofia, kirefu, kimefika mpaka kwenye miguu yetu. Nikatazama picha ya pili. Kivuli kilikuwapo. Ya tatu pia. Miaka 26 nilikuwa nimezitazama picha zile, na sikupata kukiona.

Halafu mama akafungua pochi ya ngozi ya baba, akatoa karatasi iliyokunjika pembe na kuchakaa. Ilikuwa ni ile picha ya 12, isiyo na kichwa. Nyuma yake baba alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wake wa mtu wa reli: "Likoni, Desemba 1972. Imepigwa na mwanangu." Aliitembeza mfukoni maisha yake yote. Mama alisema kwamba kila alipobadilisha pochi, kitu cha kwanza kuhamishwa kilikuwa hicho.

Nililia, wapendwa, wala sioni haya kuwaambia. Nililia kwa furaha, na nililia kwa hasara. Kwa maana yeye hakusema, na mimi sikuuliza, na sasa hatukuweza tena kuketi pamoja tukaicheka picha ile.

Katika kitabu cha Yoshua, mlango wa nne, twasoma jinsi wana wa Israeli walivyovuka mto wa Yordani. Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya mto, jiwe moja kwa kila kabila, nayo yakasimamishwa huko Gilgali. Kusudi lake lilikuwa nini? Ni kwamba watoto wa baadaye watakapouliza maana ya mawe hayo, wazazi wao wawaeleze habari ya kuvuka. Angalieni vizuri. Jiwe peke yake halisemi. Lahitaji mtoto wa kuuliza na mzazi wa kujibu. Picha nayo ni vivyo hivyo.

Katika zile picha zetu iko moja ambayo ndani yake amesimama kijana tusiyemjua. Anacheka, na mkono wake uko begani mwangu. Mama hakumkumbuka. Shangazi alikuwa amekwisha kutangulia. Mtu pekee ambaye angeweza kututajia jina lake ni yule aliyeshika kamera, na tulikuwa tumemzika juzi yake.

Kwa hiyo nina maneno matatu kwenu leo. La kwanza ni kwa watoto, wadogo na wakubwa. Usiupime upendo wa mzazi kwa kuhesabu mara ngapi sura yake imo pichani. Tazama chini, utafute kivuli. Nani alilipa karo? Nani alikesha ulipougua? Kama mzazi wako yu hai, nenda ukamwulize lile jambo linalokuchoma. Huenda akakutolea jibu mfukoni mwake.

La pili ni kwa wazazi, hasa sisi akina baba. Usiandike upendo wako nyuma ya picha ukautia mfukoni. Useme. Mtoto hawezi kusoma kilichomo ndani ya pochi yako.

La tatu ni kwa nyumba nzima. Jumapili hii, baada ya ibada, toeni picha zenu. Mwombeni bibi au babu awatajie kila mtu, nanyi mwandike majina na mwaka kwa nyuma, kwa penseli laini, taratibu, maana wino wa kalamu waweza kupenya na kuharibu sura. Ziwekeni pakavu, mbali na jua na mchwa. Na ninyi mlio na picha elfu katika simu, zichagueni chache mzichapishe, kwa maana simu ikipotea huweza kupotea na yote yaliyomo.

Nasi tusisahau kwamba yuko Mmoja ambaye uso wake hatujauona. Mara nyingi twanung'unika na kusema, "Hayupo." Lakini tukiangalia nyuma katika safari yetu, tutaona kivuli chake miguuni petu, siku za kucheka na siku za kukunja uso. Alikuwa akitutazama wakati wote.

Na tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa wazazi uliotupa, waliosema na walionyamaza. Utufungue vinywa tungali pamoja, tusije tukaambiana maneno mema kaburini tu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Mungu awabariki.